Mama wa Mkono Wenye Furaha

Nchi ninayoisimulia haipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, na mtu akija kuwauliza kama mmewahi kuisikia, mwambieni hamjui, kisha mwendelee kumenya viazi. Mimi mwenyewe habari zake nimezipata kwa mpita njia, na mpita njia huyo alikuwa ana haraka sana.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na Kasri, na ndani ya Kasri aliishi Mlezi Mkuu wa Taifa, na mbele ya Kasri palikuwa na bustani ya maua yaliyoletwa kwa meli kutoka nchi za baridi. Kunguru waliipenda bustani ile kupita kiasi. Walichimbua nyasi, walinyofoa vichipukizi, na kuta nyeupe za marumaru walizichafua mpaka jumba likafanana na sufuria iliyofurika uji. Wananchi walikatazwa kuliona jambo hilo, nao kwa utiifu wao hawakuliona.

Ila siku ya sherehe za uhuru lilionekana. Mlezi Mkuu alikuwa katikati ya hotuba yake kuhusu usafi wa mazingira, kunguru mmoja akapita juu yake akamwachia mzigo begani. Mtangazaji wa redio akawaambia wananchi kwamba Mlezi Mkuu amepokea nishani nyingine. Jioni ile ile ikaundwa Idara ya Kudhibiti Ndege Wasiotakiwa, na Bwana Tegemeo Kapalata akaapishwa kuwa mkurugenzi wake.

"Kunguru yeyote mwenye nia mbaya," alisema Bwana Kapalata, mkono mmoja kifuani, "atambue kuwa serikali haikulala, hailali, na wala haina mpango wa kulala."

Akapigiwa makofi, na kunguru waliokuwa juu ya paa nao wakalia kwa nguvu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Idara ilihangaika. Ilinunua ng'ambo mashine inayolia kama kipanga. Kunguru wakaja na jamaa zao kuisikiliza. Ilitundika vioo vinavyometameta kwenye miti. Kunguru wakajitazama, wakajipenda. Ilitaka kutega sumu, lakini paka wa Mlezi Mkuu walikuwa na vyeo jeshini na hakuna aliyetaka kumzika kanali. Ndipo mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia kikaoni akazinduka, akasema kwao, kule bonde la Lihenge, ndege hufukuzwa na watu. Kikao kizima kikashangaa. Walikuwa hawajafikiria watu.

*

Lihenge ni kwa wakulima wa mpunga, na mkulima wa mpunga ana adui mmoja mkubwa, kwelea. Ni ndege mdogo, ukimfumba mkononi haonekani, lakini haji peke yake. Huja kama wingu, na wingu hilo likitua kwenye mpunga ulioshika maziwa, punje zikiwa bado laini, mwenye shamba hubaki na mabua. Kwa hiyo watu hujenga madungu, yaani vichanja virefu vya miti, wakapanda juu alfajiri na kuamia. Kuamia ni kazi ya koo. Unapiga mayowe, unarusha madongo kwa kombeo, mpaka ndege wachoke waende kwa jirani, na jirani naye awapokee kwa mayowe yake.

Huko palikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani, mwamiaji hasa. Alipotoa lile yowe lake, "Swaaa-hoya!", kwelea waligeuka hewani na mbuzi wa kijiji wakakata kamba. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, akiishi na wifi yake Mwanahawa, mwanamke mwema lakini sauti yake ilifaa kubembelezea mtoto tu. Mwaka uliotangulia mafuriko yalibeba mpunga wao wote. Nyumba ikala mizizi ya porini, na mtoto wa mwisho akavimba uso na miguu mpaka majirani wakaanza kuja kukaa barazani bila kuambiwa, kama watu wanaosubiri jambo. Mtoto akapona. Sikudhani akaapa kwamba mwaka huu hata punje moja hailiwi na ndege akiwa hai.

Mpunga ulikuwa ndio kwanza unachanua lori la Idara lilipoingia kijijini.

"Mama, taifa linakuita," alisema Bwana Kapalata kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa wamesimama ana kwa ana.

"Na mpunga wangu unaniita, baba. Sasa niitike wapi?"

"Taifa limeita kwanza."

"Hata! Mpunga unaniita tangu masika. Wewe umefika sasa hivi, hata maji ya kunywa hujapewa."

Bwana Kapalata akacheka kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, akashusha kipaza sauti. "Ni siku chache tu, mama. Mpunga ukishika maziwa utakuwa umesharudi, tena na cheti." Nyuma yake walisimama askari wenye bunduki. Bunduki hizo zilielekezwa kwa wanakijiji kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuzielekeza.

Waamiaji wote wenye sauti wakapandishwa lorini. Pembeni ya Sikudhani alikaa Mzee Chambuso wa ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo ya mto ni watani wa watu wa kwao Sikudhani tangu enzi za mababu.

"Leo Kasri litakoma," alisema Mzee Chambuso. "Ukipiga hilo yowe lako, kunguru watahama, na Mlezi Mkuu atabeba godoro awafuate."

"Nyamaza, babu. Wewe ndege wanakukimbia kwa sura tu, hata mdomo hujafungua."

Lori zima likacheka. Mwanahawa alibaki njiani na watoto, kombeo la wifi yake shingoni, akipiga yowe la kujaribu. Hata kuku hawakushtuka.

*

Kufika Kasri, wakapangwa mstari na kusomewa utaratibu.

Makombeo yakakusanywa, kwa kuwa kurusha kitu chochote kuelekea Kasri ni uhaini, hata kama ni dongo, hata kama limemlenga kunguru. Kisha Bwana Kapalata akakohoa. "Suala la pili ni sauti. Mlezi Mkuu asubuhi anafikiri. Mchana anapumzika kwa sababu ya kufikiri. Jioni anafikiri tena. Kwa hiyo ni marufuku kupiga kelele ndani ya eneo hili."

Wakatazamana.

"Sasa baba," aliuliza Sikudhani, "tutaamia kwa kitu gani?"

"Kwa mikono. Mtapunga. Kwa adabu."

"Kunguru ukimpungia mkono," alisema Mzee Chambuso, "si atadhani umemkaribisha?"

"Mzee, hilo ni suala la kitaalamu. Linafanyiwa kazi."

Wakavishwa glovu nyeupe, wakapangwa kandokando ya bustani, wakaanza kupunga. Kunguru waliwaangalia kutoka juu ya miti. Siku iliyofuata waliwaangalia kutoka kwenye nyasi. Siku iliyofuata tena mmoja alitua kwenye kofia ya Mzee Chambuso, akachagua maua yake vizuri kutoka pale juu. Sikudhani alikuwa na yowe kooni kama mtu mwenye chafya. Alilimeza, akapunga.

Nadhani Idara ingewarudisha nyumbani wiki ile ile, maana hata Bwana Kapalata alikuwa ameanza kuwaonea haya. Lakini asubuhi moja Mlezi Mkuu alitoka kwenye roshani yake mapema kuliko kawaida, kikombe cha chai mkononi, akatazama chini. Akaona watu wamejipanga kwa utulivu kandokando ya bustani yake, wamevaa glovu nyeupe, wanapunga. Mlezi Mkuu alikuwa amezoea kupungiwa na watu waliosombwa kwa malori siku za sikukuu. Watu wa kumpungia siku ya Jumatano, bila ngoma wala soda, alikuwa hajapata kuwaona maishani mwake.

"Kapalata," aliita. "Hawa wananchi wametoka wapi?"

Bwana Kapalata alifungua kinywa aseme wametoka Lihenge na wanafukuza ndege. Akaliona chozi kwenye jicho la Mlezi Mkuu. Mtu mwenye watoto shuleni na nyumba ya serikali akiona chozi kama hilo, hana njia nyingine.

"Wamekuja wenyewe, Mtukufu. Kwa mapenzi."

Mlezi Mkuu akapunga. Wao, kwa kuwa walikuwa wanapunga tayari, wakaendelea. Akapunga mpaka chai ikapoa.

*

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Idara ikapewa jina jipya, Idara ya Furaha ya Hiari. Wapungaji wakageuzwa, wakaambiwa wasipungie tena miti bali roshani. Likatolewa somo la namna ya kupunga: kiwiko kisishuke, meno yaonekane, jicho lisihesabu muda. Magazeti yakaandika kwamba wakulima wameacha mashamba yao kwa furaha. Nusu ya habari hiyo ilikuwa kweli.

Na kunguru je? Mlezi Mkuu aliwaona wakirukaruka miguuni mwa wapungaji, akasema, "Hata ndege wanashangilia." Basi, imekwisha. Kuanzia hapo ilikuwa kosa kumfukuza kunguru. Kikaja kigari kila asubuhi na magunia ya mchele, ukamwagwa kwenye nyasi ili washangiliaji hao wasije wakahama. Sikudhani aliutazama mchele ule ukimwagwa. Ulikuwa mchele wa Lihenge, wa punje ndefu, mavuno ya bonde la juu ambalo mafuriko hayakulifikia. Aliujua kama mtu anavyojua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Roho ikamuuma, akataka kulia, lakini meno yalitakiwa kuonekana.

Mzee Chambuso ndiye aliyeshindwa. Kunguru alitua begani pake akaanza kumdonoa sikio, naye, bila kukusudia, mazoea ya miaka yote, akaachia yowe: "Swaaa!" Bustani nzima ikaruka juu. Kwa muda mfupi mbingu ikawa nyeusi na nyasi zikawa tupu, kazi waliyoitiwa ikawa imekamilika. Ndani ya Kasri kikombe kikasikika kikivunjika. Wakaja watu wawili wapole, wakamshika mzee mikono, wakamwambia amechoka.

"Sijachoka," alisema Mzee Chambuso.

"Umechoka, babu."

Akapelekwa kupumzika. Mpaka leo anapumzika, na mwenye kuuliza ni wapi huambiwa kuwa hata yeye anaonekana kuchoka. Waliobaki wakasogezwa, pengo likazibwa. Sikudhani akamkosa wa kumtania, na hakumtafuta mwingine. Mkono wake wa kulia ulianza kufa ganzi mchana. Baadaye ganzi ikawa inaanza asubuhi, ikapanda begani, ikashuka kifuani, na alipofikiria nyumbani alikuwa kama mtu anayegusa meza akiwa na glovu. Anajua kuna meza, ila haisikii.

*

Mwanahawa alitembea na kudandia malori mpaka akafika kwenye uzio wa Kasri. Alikuwa amekonda, na sauti yake ndogo ilikuwa imekauka kabisa.

"Wifi, mpunga umeshika maziwa," alisema kupitia kwenye matundu ya uzio. "Kwelea wametua. Bonde zima halina mtu wa kuamia, wote mko huku. Nimepiga yowe mpaka nimetema damu. Wanatua mbele yangu kama vile mimi ni kisiki."

"Upande wa juu je?" Sikudhani aliuliza akiwa anapunga.

"Upande wa juu umekwisha. Mabua matupu."

"Na kona ya mtoni?"

"Ile tuliyopanda mwisho? Ndiyo kwanza inachanua. Ikipona, wifi, tunaweza kuvuka nayo mpaka mvua za vuli. Isipopona... Mdogo ameanza tena kuvimba miguu."

Sikudhani akajaribu kuhisi maneno yale. Akayarudia kimoyomoyo, mdogo ameanza tena kuvimba miguu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lililoshika kutu. Kisha akatoka mstarini akamwendea Bwana Kapalata, na huo ulikuwa ushujaa mkubwa kuliko mnavyodhani.

"Baba, uliniambia mpunga ukishika maziwa nitarudi. Umeshika maziwa."

Bwana Kapalata akatazama kulia na kushoto. "Mama, haiwezekani. Mlezi Mkuu anakufahamu. Anauliza kila asubuhi: yule mama mwenye mkono wenye furaha amefika? Leo nimwambie nini? Kwamba furaha imekwisha?"

"Mwambie nina watoto."

"Yeye anajua una yeye." Alisema hivyo kwa sauti ya ofisini, halafu akaishusha mpaka ikawa ya mtu. "Nakuomba, mama. Na mimi shemeji zangu wako bonde hilo hilo, wameniletea salamu hizo hizo. Nimenyamaza. Na wewe nyamaza. Punga, leo atashuka mwenyewe kuwasalimu. Pengine ukipata nafasi, mwambie kwa kinywa chako. Mimi sitakuwa nimesikia."

Na kweli alishuka. Alipita mbele ya wapungaji kwa miguu, kunguru wakimfuata kwa nyuma kwa sababu ya mchele, akasimama mbele ya Sikudhani. Kwa karibu alikuwa mzee tu, macho yana maji, shati limezidi shingo.

"Mama," alisema, "niambie. Una furaha kiasi gani?"

Sikudhani alikuwa ameyapanga maneno: mpunga, watoto, kona ya mtoni. Yalikuwa mafupi na yote yalikuwa na adabu. Nyuma ya uzio Mwanahawa alisogeza sikio kwenye matundu. Sikudhani akafungua kinywa. Likatoka vumbi la sauti, kitu kama pumzi ya mlango. Koo la mwamiaji likikaa bila kazi hufunga, na lake lilikuwa halijapiga yowe tangu mpunga ukichanua, likimeza tu; sauti aliyomwombea nayo Bwana Kapalata ilikuwa ndiyo masalio. Akajaribu tena. Midomo ikacheza. Mkono, wenyewe, ulikuwa unapunga.

Mlezi Mkuu akaugeukia msafara wake, uso wote umelowa.

"Amezidiwa na furaha," alisema. "Hata maneno hana."

Watu wote wakapiga makofi. Bwana Kapalata alipiga kwa nguvu kuliko wote, na alikuwa analia.

*

Walifunguliwa bila kutarajia, na wala si kwa huruma. Mlezi Mkuu alipewa zawadi ya bendi ya matarumbeta, akaipenda, akahamishia chai yake kwenye roshani ya upande wa pili. Mchana ule ule wapungaji wakaambiwa wavue glovu, wazikunje, wapande lori. Cheti hakikuwa tayari. Bwana Kapalata aliwapungia njiani, na hakuna aliyemrudishia.

Lihenge ilikuwa ya rangi ya majivu. Shamba kwa shamba mabua yalisimama wima kama kawaida, vichwa vitupu. Sikudhani aliyapita bila kusimama. Watoto walimkimbilia, wawili kwa miguu na mmoja mgongoni mwa shangazi yake, naye akawagusa vichwa mmoja mmoja, akaendelea kutembea. Kona ya mtoni ilikuwepo. Kijani, nzito, maziwa yamejaa. Ukibinya punje inatoka nyeupe kidoleni. Chakula cha nyumba mpaka vuli kilikuwa kimesimama pale juu ya miguu yake, na hakuna ndege aliyekuwa amekigusa bado.

Akapanda dunguni. Mwanahawa na watoto wakakaa kwenye tuta, chini, wakimwangalia. Walikuwa na imani naye.

Kwelea wakaja kutoka upande wa milimani. Kwanza kama moshi, kisha ule mvumo wa mabawa ambao mtu wa Lihenge huusikia mpaka usingizini. Wingu likazunguka mara moja juu ya mto, likainama.

"Sasa, wifi!" Mwanahawa alinong'ona.

Sikudhani akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Alijua anachotakiwa kufanya. Alilijua yowe lile linapoanzia, chini ya kitovu, na njia linayopita. Akakiinua kichwa, akafungua kinywa chote, na mkono wa kulia ukapanda taratibu, kiwiko juu, ukaanza kupunga. Meno yakaonekana. Hakukuwa na sauti hata kidogo. Kwelea wakashuka mbele yake, laini, safu kwa safu, mpunga ukainama kwa uzito wao.

Chini pale kwenye tuta watoto walikuwa hawajamwona mama yao tangu mpunga ukichanua, na tangu afike hakuwa amewasalimu hata kwa neno. Sasa walimwona amesimama juu, anatabasamu, anapunga mkono. Wakatabasamu. Wakainua mikono yao, hata yule mdogo mwenye miguu iliyovimba, nao wakampungia.